Mtu Wenu Kakosa Uteuzi: Makundi Yavunjwe Vipi Kabla ya Siku ya Kura

Kwa matokeo ya urais wa Zanzibar yaliyotangazwa mwaka 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alipata kura 165,271 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF 163,706. Tofauti ilikuwa kura 1,565. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata 179,809 na Maalim Seif 176,338, tofauti ya 3,471. Zigawe hizo 3,471 kwa majimbo 50 yaliyokuwapo, utapata kura 69 na ushei kwa kila jimbo. Watu 35 tu wa kila jimbo wangehama upande, matokeo yangegeuka. Maskani mbili tatu, yaani vijiwe vya wanachama mtaani, zenye watu waliosusa kwa kuwa mtu wao kakosa uteuzi zinatosha kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo kiongozi wa tawi anayesema "walionuna waacheni wanune" hajapiga hesabu, na kwa siasa za visiwa hivi hilo ni kosa kubwa.

Nayaandika haya mapema kwa sababu 2030 si mbali. Katiba ya Zanzibar inampa Rais vipindi viwili vya miaka mitano, na Dk. Hussein Ali Mwinyi yuko katika cha pili. CCM watahitaji jina jipya. Upande wa pili, tangu Maalim Seif afariki tarehe 17 Februari 2021, hakuna tena yule mgombea aliyesimama kila uchaguzi kuanzia 1995 hadi 2020 bila ya mtu kuuliza nani mwengine. Vyama vyote vikubwa vitakuwa na watu waliotaka huyu wakapewa yule.

La mwanzo ni kujua kinyongo kimetoka wapi. Kwa CCM, jina la mgombea urais wa Zanzibar halimaliziki Kisiwandui, ofisi kuu ya chama Zanzibar. Wenye nia huchukua fomu na kutafuta wadhamini, majina hujadiliwa na Kamati Maalum ya Halmashauri Kuu ya Taifa huku Zanzibar, hupita Kamati Kuu, kisha Halmashauri Kuu yenyewe ndiyo inayopiga kura. Mwaka 2000 aliyeongoza kwenye Kamati Maalum alikuwa Dk. Mohamed Gharib Bilal, Waziri Kiongozi wa wakati huo. Halmashauri Kuu, ikiwa Dodoma, ikamteua Amani Abeid Karume. Maneno ya "tumeletewa" yalianzia hapo na hayajafutika barazani hadi leo.

Kuna aliyeshindwa kwa kura na kuna aliyekatwa, na watu wa hawa wawili hawatulizwi kwa dawa moja. Mwaka 2020 Dk. Mwinyi alipata kura 129, Dk. Khalid Salum Mohamed 19 na Shamsi Vuai Nahodha 16. Namba zikishasomwa mbele ya watu namna hiyo, ubishi hupoa wenyewe. Lakini waliochukua fomu mwaka ule walizidi thelathini, na wote waliobaki majina yao hayakufika kwenye kura ya mwisho. Watu wa aliyekatwa hawana namba ya kuikubali. Wana dhana tu, na dhana hukua kila siku inapozungumzwa.

Mfano mkubwa wa kukatwa ni wa urais wa Muungano 2015. Jina la Edward Lowassa halikufika Halmashauri Kuu, na ndani ya ukumbi wajumbe wakaimba kuwa wana imani naye. John Magufuli akateuliwa tarehe 12 Julai. Tarehe 28 Julai Lowassa alikuwa mwanachama wa Chadema. Siku 16. Wakati huohuo Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kupinga uamuzi wa Kamati Kuu, lakini hawakuhama naye. Nchimbi akawa Katibu Mkuu wa CCM Januari 2024, na sasa ni Makamu wa Rais. Aliyesema hadharani kuwa hakuridhika alikuwa bado anazungumza na chama chake. Mimi namuogopa zaidi aliyenyamaza.

Na ukumbuke sheria zetu haziruhusu mgombea binafsi. Aliyekosa ana njia tatu: kubaki, kuhama chama au kususa ndani kwa ndani. Kuhama kunaonekana na kunahesabika. Kususa hakuonekani mpaka masanduku yafunguliwe.

Uteuzi wa Julai na uchaguzi wa mwisho wa Oktoba vinaacha miezi mitatu na nusu hivi. Inaonekana mingi, sivyo. Zile wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoamua, kwa sababu baada ya hapo kila mtu ameshasema neno mbele ya wenzake na anaona haya kulirudisha.

Siku tatu za mwanzo, upande ulioshinda unyamaze. Hakuna msafara wa vespa na pikipiki kupita mbele ya maskani ya walioshindwa, hakuna taarabu ya vijembe kwenye spika, hakuna kuchana picha za mtu wao. Nimetaja taarabu kwa makusudi. Kijembe kilichopigwa usiku wa uteuzi hukumbukwa kuliko hotuba yoyote ya jukwaani, na kwa akina mama hasa, kwani wao ndio waliopita nyumba kwa nyumba na kanga za yule aliyekosa.

Siku ya nne ndipo muende. Msiende kumi, nendeni wawili au watatu. Mzee aliyenuna afuatwe na mzee mwenzake. Kijana abebe salamu tu. Msiende na fulana mpya wala fedha, maana bahasha siku hiyo ni tusi. Mkishapiga hodi na kukaribishwa, mwacheni mwenyeji aseme mpaka amalize. Mara nyingi atasema hivi: "Mimi mtu wangu kakosa, na mimi si mnafiki. Nimekaa zangu." Asijibiwe kwa kuhesabiwa sifa za mgombea mpya. Ajibiwe: "Mzee wangu, hatukuja kukutoa kwa mtu wako. Tumekuja kwa sababu orodha ya wapiga kura wa mtaa huu unayoijua ni wewe, sisi hatuijui." Ombi liwe la kazi inayojulikana, yenye jina na siku. "Tuwe pamoja" si ombi, ni salamu.

Hapo ndipo matawi mengi yanapoharibu. Walioshindwa hupewa nafasi ya kukaa jukwaani na kupigiwa makofi, huku usafiri, fedha na orodha ya mawakala vikibaki kwa walioshinda peke yao. Watu wanajua pahala penye kazi na pahala penye kiti tu. Kamati ya kampeni ya wadi ikiwa na watu kumi, wanne wawe wa upande uliokosa, na mmoja wao ashike moja ya mambo hayo matatu. Ukimpa "uratibu wa hamasa", umemfukuza kwa adabu.

Juu kabisa CCM walilifanya hilo vizuri mwaka 2010. Halmashauri Kuu ilimpa Dk. Shein kura 117, Dk. Bilal 54, na Nahodha 33. Dk. Bilal alikuwa amekosa 2000, akachukua fomu tena 2005 na akajitoa. Kundi lake lilikuwa na umri wa miaka kumi. Ndani ya siku chache Jakaya Kikwete akamtangaza kuwa mgombea mwenza wake, na baada ya uchaguzi Nahodha akawa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Muungano. Naamini bila ya hatua hiyo zile kura 3,471 zisingepatikana. Ila cheo cha Bilal hakikumfikia mwenye maskani aliyelala nje akilinda bendera yake. Huyo alihitaji mtu wa tawi lake kumwendea, na pale alipoendewa ndipo alipofanya kazi.

Makundi ya WhatsApp nayo yana utaratibu wake. Usilifute kundi la "Timu Fulani" wala usiwahamishie watu wake kwenye kundi la mgombea kwa pamoja. Nusu watajitoa usiku uleule na kufungua jengine usilolijua. Muombe msimamizi wake abadilishe jina na picha mwenyewe, kwa wakati wake, na aachwe kuwa msimamizi.

Sasa karatasi za kura. Mpiga kura wa Zanzibar hupewa tano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani. Aliyesusa kwa kawaida habaki nyumbani, kwani ataulizwa na majirani mbona kidole hakina wino. Anakwenda, anampigia Mwakilishi wake na Diwani wake, na ile ya Rais anaikunja tupu au anatia alama mbili. Ukisikia mtu anasema "mimi namwangalia Mwakilishi wangu tu", umeshapewa taarifa. Kwa mtu huyo mgombea uwakilishi ndiye wa kumtuma. Aingie barazani na mfano wa karatasi zote tano, aanze na yake, kisha aseme mwenyewe, kwa mdomo wake: "Na hii ya Rais ni yangu pia, kwani nikienda Baraza la Wawakilishi, Chukwani, bila ya serikali sitakuleteeni maji."

Ugumu huzidi pale bendera zinapotofautiana. Mwaka 2015 wana-CUF waliombwa na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wamchague Lowassa wa Chadema kwa Muungano, mtu ambaye wapinzani walimshambulia kwa miaka tangu alipojiuzulu uwaziri mkuu 2008, huku karatasi nyengine zikibaki kwa CUF. Juma Duni Haji akahama CUF kuingia Chadema ili awe mgombea mwenza, kwa sababu sheria inataka wawili hao watoke chama kimoja. Kwa mpiga kura wa Pemba jina la Babu Duni ndilo lililofungua mlango. Mafunzo ya barazani yakawa mepesi: ya Muungano tafuta bendera ya Chadema, zilizobaki tafuta ya CUF. Pemba Lowassa akaongoza. Linganisha na 2020, ACT Wazalendo walipokuwa na Bernard Membe kwenye karatasi huku Maalim Seif na Zitto Kabwe wakiwaambia watu wampigie Tundu Lissu, na Membe akishikilia kuwa bado yumo. Ujumbe wa aina hiyo haufundishiki barazani. Ukitaka watu wahamie kwa mgombea mwengine, anayeachwa lazima aseme yeye.

Hilo la kusema mwenyewe halina nchi. Marekani 2008, Hillary Clinton alishindwa na Barack Obama kwenye kura za mchujo zilizokwenda hadi Juni, na wako wafuasi wake walioapa kutomkubali. Tarehe 27 Agosti, kwenye mkutano mkuu wa Denver, kura za majimbo zikiendelea kuitwa, alisimama yeye na kutoa hoja Obama apitishwe kwa sauti moja. Hakutuma mtu.

Mwisho ni mawakala, na hapa msichelewe. Majina yao hupelekwa Tume kabla, na wakala hula kiapo ndiyo aruhusiwe kukaa kituoni. Wakala mzuri ni yule anayemjua kila mtu wa shehia kwa sura, na mara nyingi yuko upande uliokosa, kwa kuwa alishafanya kazi hiyo miaka iliyopita. Mkimuacha na kumuweka mpwa wa mwenyekiti, jioni mtaletewa fomu ya matokeo iliyosainiwa bila ya kusomwa. Kila kituo kipangiwe wakala na msaidizi wake, mmoja wa kila kundi, na orodha hiyo iandikwe na wote wawili mezani, kabla ya Septemba kumalizika.