Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa tiba shufaa mkoani Arusha

Mimi ni muuguzi katika kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito, cha hospitali moja mkoani Arusha. Tunahudumia watu wenye saratani, seli mundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) na magonjwa mengine mazito, wengi wao wakiwa majumbani kwao, na kinachotuhangaisha kuliko vyote ni maumivu. Nimeandika siku hii kwa ajili ya ndugu wanaouguza, kwa sababu mkono unaompa mgonjwa dawa usiku wa manane ni wao, si wangu.

Saa 1:30 asubuhi

Naanzia kwa mfamasia, kwenye kabati lenye kufuli mbili ambamo mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hutunzwa. Tunahesabu chupa, tunalinganisha na daftari, kisha sote wawili tunasaini. Utaratibu huu naupenda, kwa kuwa dawa yenye nguvu inastahili ulinzi. Kinachoniumiza ni pale ulinzi unapogeuka kizuizi kwa mgonjwa. Hospitalini kwetu ni lazima daktari aandike cheti cha dawa, na daktari akiwa safarini mgonjwa husubiri. Wenzetu wa Uganda waliliona hilo mapema, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Natamani hatua hiyo ifike na kwetu.

Saa 3:00 asubuhi

Wodi ya watoto. Kijana mwenye seli mundu amelazwa tangu usiku kwa maumivu ya miguu na mgongo. Shangazi yake ananiambia amepata nafuu, maana ameacha kulia. Namwonyesha mtoto karatasi yenye nyuso zilizochorwa, kuanzia unaotabasamu hadi unaotoa machozi, naye bila kusema neno anaweka kidole kwenye uso wa mwisho. Mtoto aliyeumia sana hunyamaza na kutulia kwa sababu kila mjongeo unamzidishia, hivyo ukimya wake usichukuliwe kuwa nafuu. Daktari anaongeza dozi, nasi tunamfunika blanketi na kumpa maji kidogo kidogo. Namweleza shangazi kwamba nyumbani maumivu yakianza ampe dawa mapema, ampe maji mengi, amkinge na baridi wala asimkande kwa barafu, na kwamba homa yoyote ni sababu ya kuja hospitali siku hiyo hiyo.

Saa 5:00 asubuhi

Tunashuka kwenye pikipiki ya kitengo, mimi na mhudumu wa afya wa kijiji, nyumbani kwa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Anauguzwa na binti yake, na mama mkwe wake, bibi wa makamo ya juu, anasaidia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Karibu, lakini mwenzako hakulala.”

Namwomba mgonjwa anionyeshe maumivu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Ananyoosha vidole vinne. Chupa ya mofini niliyoiacha ipo juu ya kabati, imejaa karibu kama nilivyoiacha. Binti anatazama chini. Kaka wa mgonjwa amewaambia kuwa hiyo ni dawa ya kufia, anayeianza haamki.

Simlaumu kaka huyo. Wengi wameona ndugu zao wakipewa mofini siku mbili za mwisho tu, wakafa, basi dawa ikabeba lawama ya ugonjwa. Tunampigia simu, anakuja kutoka shambani, nasi tunakaa sote kwenye mkeka. Naeleza polepole: mofini haiharakishi kifo ikitolewa kwa kipimo sahihi, usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo mara nyingi ni mwili unaozoea na kufidia usiku uliopotea, kichefuchefu nacho kwa kawaida hupungua, ila choo kigumu hakiishi chenyewe, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Akiwa mzito wa kuamshwa au akipumua polepole mno, wasiongeze dozi nyingine, wanipigie mara moja.

Kisha tunapanga saa. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4, kwa hiyo atakunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku atapewa dozi mbili kwa pamoja ili alale hadi asubuhi bila kuamshwa. Dawa hutangulia maumivu. Kusubiri mpaka mtu alie ndiko kunakofanya ahitaji nyingi zaidi. Bibi hasomi namba, hivyo nakata plasta nyembamba na kuibandika kwenye bomba la sindano lisilo na ncha, mahali panapoonyesha mililita 5. Anavuta maji ya kunywa mara tatu hadi ukingo wa plasta, na mara ya tatu mkono wake hautetemeki tena.

Kidonda chake cha saratani kina harufu, na harufu hiyo imewafukuza majirani. Tunasaga vidonge vya metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, kuwa unga, tunanyunyiza, tunafunika kwa kitambaa cha kanga kuukuu kilichochemshwa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wanaokaribia mwisho wa maisha) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Nyumba hii inalithibitisha: mama huyu ameniambia kinachomuuma kuliko tumbo ni rafiki yake wa karibu kutokuja tena.

Kabla ya kuondoka nageukia binti. Mgongo unamuuma kwa kumwinua mama peke yake. Namfundisha kumgeuza kwa shuka, watu wawili, na kaka anakubali kuchukua zamu za usiku wa Ijumaa na Jumamosi.

Saa 9:00 alasiri

Mzee mwenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Dawa zinamsaidia kwa kiasi, lakini tiba ya mionzi, wakati mwingine ya mara moja tu, inaweza kupunguza sana maumivu ya mfupa. Barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ipo tayari. Kilichokwama ni nauli na mahali pa kufikia. Nampeleka mwanawe kwa afisa ustawi wa jamii, ofisi ambayo familia nyingi hupita mlangoni pake bila kujua kwamba maombi ya msamaha wa gharama yanaanzia hapo.

Saa 11:00 jioni

Ofisini naandika taarifa. Mjane mmoja amerudisha chupa ya mofini iliyobaki baada ya mazishi. Tunaipima, tunaiandika, tunasaini. Nakaa naye kwa muda. Hana haraka, nami sina.

Saa 2:00 usiku

Simu inaita. Ni binti wa asubuhi: “Sista, maumivu yamepanda, na saa 4 bado. Tusubiri?” Namuuliza kama mama anaitika akisemeshwa na anapumua kama kawaida. Anaitika, anapumua vizuri. Namwambia wasisubiri, wampe dozi moja ya ziada sasa, sawa na dozi moja ya kawaida ya mchana, waandike saa kwenye karatasi, na ya saa 4 usiku wampe kama ilivyopangwa ikiwa bado yuko macho na anapumua vizuri. Kesho nitazijumlisha dozi za ziada na kumpelekea daktari, ili apandishe kipimo cha kawaida.