Siku Moja Maishani Mwangu: Neli Moja Kabla ya Maelfu

Saa 12:45 asubuhi. Kifaa cha kugundua monoksidi ya kaboni hukaa kifuani kabla mlango wa mtambo wetu wa majaribio, unaogeuza gesi kuwa nta na mafuta, haujafunguliwa. Gesi hii haina rangi wala harufu, na humu inapita kwa presha inayozidi baa 20. Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi daftari.

"Za usiku?"

"Shwari. Nta inashuka vizuri."

Habari ya nta siipuuzi. Ikipoa ndani ya bomba inaganda, na bomba likiziba mtambo wote unasimama. Nakagua nyaya za kupashia mabomba joto, moja baada ya nyingine.

Saa 1:30. Kazi yangu yote ni kujaribu, kabla kinu kikubwa hakijasanifiwa, neli (bomba jembamba) moja ya chuma, urefu mita 12, kipenyo milimita 25 hivi, iliyojazwa punje za kichocheo cha kobalti. Juu inaingia gesi ya usanisi, hidrojeni mbili kwa monoksidi ya kaboni moja, au karibu na hapo. Chini hutoka nta, mafuta mepesi na maji. Nta hiyo baadaye huvunjwavunjwa kuwa dizeli. Nje ya neli kuna maji yanayochemka kwa nyuzi 220.

Kwa nini neli moja, na kwa nini nyembamba hivi? Kwa sababu ya joto. Kila moli ya monoksidi ya kaboni inayogeuka hutoa takriban kilojuli 165. Maabarani, kwenye gramu chache za kichocheo, joto hilo hutoroka lenyewe. Ongeza kipenyo mara mbili: kichocheo kinakuwa mara nne, ukuta wa kupitishia joto mara mbili tu. Joto likibaki ndani, mmenyuko unakwenda kasi na kuzaa joto zaidi. Badala ya minyororo mirefu ya nta unapata methani, na mwisho kichocheo kinakufa. Ndiyo maana vinu 24 (matangi ya mmenyuko) vya Pearl, mtambo wa kugeuza gesi asilia kuwa mafuta huko Qatar, vina neli zipatazo 29,000 kila kimoja. Neli imezidishwa idadi, haikunenepeshwa.

Kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini ilichukua njia nyingine: unga wa kichocheo ukielea ndani ya nta ya moto, gesi ikipanda kwa mapovu. Joto husambaa vizuri mno humo, nakiri. Lakini kuuchuja unga kutoka kwenye nta ni shughuli pevu, na mapovu ya kinu kipana hayaendi kama ya kinu chembamba. Neli yangu ina urefu na kipenyo kilekile cha neli ya kiwandani, kwa hiyo ushahidi wake nauamini.

Saa 4:00. Tunaongeza mtiririko wa gesi kwa asilimia 5. Mhandisi kijana ana haraka.

"Bosi, si tupandishe na joto papo hapo? Gesi nyingi itapita bila kugeuka."

"Itapita, ndiyo. Lakini tukigusa vitu viwili pamoja, kesho tutabishana kipi kimeleta nini."

Anakubali, shingo upande.

Saa 8:00 mchana. Vipimajoto vilivyopangwa ndani ya neli vinachora mlima uleule: kilele kiko theluthi ya kwanza, ambako gesi ingali mbichi. Asubuhi kilikuwa nyuzi 226, sasa 228. Methani imetoka asilimia 7.8 hadi 8.1. Inavumilika.

Saa 10:00. Hesabu ya kaboni. Iliyoingia lazima ionekane imetoka, iwe ni gesi, mafuta au nta. Leo tumepata asilimia 98.6. Ikishuka chini ya 97, mimi situmi takwimu kwa wasanifu wa kinu, hata wakipiga simu mara ngapi. Kosa dogo hapa litazidishwa kwa maelfu ya neli.

Saa 12:00 jioni. Makabidhiano. Naandika: mtiririko usiguswe hadi asubuhi. Kilele kikivuka 232, shusha presha ya mvuke kwa baa moja, maji yatachemka nyuzi kama mbili chini. Joto lisipotii, funga gesi ya usanisi, fungua nitrojeni, kisha nipigie. Mwenzangu anayasoma kwa sauti, tunatia saini sote wawili.