Siku tuliyogawa maji Nathan Road

Oktoba 2019 nilikuwa Hong Kong, nimefikia Chungking Mansions pale Tsim Sha Tsui, jengo la ghorofa 17 ambalo wafanyabiashara wetu wengi wanalijua, chini simu na maduka ya kubadilisha pesa, juu gesti zenye vyumba kama makabati. Nilitokea Guangzhou na Kimandarini changu cha sokoni, basi siku ya kwanza nikamshukuru kijana wa duka, "xiexie", akanambia kwa upole, kaka, hapa tunasema "m goi". Kikantoni hicho. Mie mtu wa Pemba, nikifungua mdomo Dar watu wananicheka eti Kiswahili gani hicho, kwa hiyo nilimfahamu palepale.

Mji ulikuwa umechafuka tangu Juni, sababu ule mswada wa kupeleka watuhumiwa China bara wakahukumiwe huko. Muingereza alipoukabidhi mji kwa China 1997 watu waliahidiwa miaka 50 ya kubaki na sheria na mahakama zao, na hata nusu haijafika washaona ahadi inaliwa. Wakawa wanadai mambo matano, moja kuchagua viongozi wao wenyewe kwa kura ya kila mtu. (Mwezi uliofuata kwenye kura za mitaa upande wao ulichukua halmashauri 17 kati ya 18, ila siku ninayoisema hakuna aliyejua hayo.)

Siku chache kabla, Jimmy Sham, mmoja wa viongozi wa maandamano, alipigwa nyundo barabarani, na ikasemwa waliompiga si Wachina. Jengo zima likaingia hofu kwamba waandamanaji watakuja kulipiza kwetu wageni. Mzee mmoja wa Tanga tuliyekaa naye gesti moja akanambia, "Mwanangu, Jumapili usitoke, wakija hapa watatafuta rangi tu." Sikubishana naye, mzee kaona mengi.

Jumapili tarehe 20 wakaja kweli, Nathan Road imejaa mpaka huoni lami. Lakini mlangoni petu tayari walishasimama Wapakistani, Wahindi, Waafrika, wanagawa chupa za maji, wanapiga kelele kwa Kikantoni kwamba sote ni watu wa Hong Kong, na ule umati ukaanza kuwashangilia wao! Nikashuka mbio nikabeba katoni. Msichana mmoja mwenye barakoa akapokea chupa, akasema m goi, nikamjibu "ga yau", yaani kaza mwendo, akasimama kabisa watu wanampita ananitazama, halafu akaninyooshea vidole vitano.

Alasiri gari la polisi la kutawanya watu kwa maji ya buluu yenye kuwasha likapita na kumwagia mlango wa msikiti wa Kowloon, ngazi zote buluu, hewa inawasha koo. Nilipofika nikakuta watu wanasugua, wengi wao si Waislamu, vijana wa watu na matambara na ndoo, hawakuitwa na mtu. Nilitamani kulia. Nikavua viatu nikachukua tambara.

Kijana aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikamwambia Pemba, kisiwa. Akakamua tambara lake, maji ya buluu yanamtiririka mikononi, akauliza, "Na huko mna lugha yenu wenyewe?"

Nikamwambia tunayo.