Amrit Kaur na kiti alichopewa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Waebrania 11:24–26, pale Musa alipokataa kuitwa mwana wa binti Farao. Kila nikilisoma namkumbuka Rajkumari (yaani binti wa kifalme) Amrit Kaur wa India.

Alizaliwa Lucknow, katika ukoo wa kifalme wa Kapurthala, kwenye nyumba ya Kikristo. Akasomeshwa Uingereza. Angeweza kula raha zake hadi uzeeni. Lakini mwaka 1919 jeshi la Waingereza liliwamiminia risasi watu waliokusanyika Jallianwala Bagh, mjini Amritsar, na moyo wake haukutulia tena. Alimfuata Gandhi, akawa katibu wake kwa miaka 16, akaishi naye maisha ya kawaida kabisa. Alipinga wasichana kuozwa utotoni. Alifungwa wakati wa harakati za kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza mwaka 1930, akafungwa tena 1942.

Mahubiri mengi yangeishia hapo: ameacha jumba, amejitwika msalaba. Mimi naona mtihani mgumu zaidi ulikuwa bado. Musa naye alirudishwa kwenye jumba lile lile alilolikimbia, safari hii akiwa na neno la Bwana kinywani. Amrit Kaur alirudi penye mamlaka mwaka 1947, Waziri Mkuu Nehru alipomteua Waziri wa Afya, mwanamke pekee katika baraza la kwanza la mawaziri la India huru.

Wangapi tumewaona wakilia pamoja na watu, kisha wakishapewa gari na walinzi hawaijui tena njia ya kwao? Yeye alikaa wizarani miaka 10, akipambana na malaria na kifua kikuu. Alihangaika kutafuta fedha za kujenga taasisi kubwa ya tiba na mafunzo mjini Delhi, msaada ukaja hata kutoka New Zealand, na mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya kuianzisha taasisi hiyo, ijulikanayo kama AIIMS. Mpaka leo wagonjwa maskini husafiri kutoka majimbo ya mbali kwenda kutibiwa pale.

Na nyumba ya familia yao kule Simla, Manorville, yeye na kaka yake mmoja waliitoa iwe mahali pa wauguzi kupumzika. Hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Hospitali ilijengwa kwa fedha za serikali na wafadhili. Nyumba ilikuwa yao wenyewe.

Wiki hii katika maombi tuwataje kwa majina wapendwa wetu waliopewa viti: mwenyekiti wa kijiji, diwani, mganga mkuu wa wilaya, mweka hazina wa kanisa. Nasi tumuulize Bwana ni kitu gani tumekishikilia ambacho alishatuambia tukiachie.