Harufu ya lami

Wiki hii wanamwaga lami mtaani kwetu. Majirani wamefunga madirisha. Mimi harufu ile imenirudisha Moshi, mwaka 1998, kwenye viwiko vyangu.

Majengo mnaijua: ukiwa na magamba mkononi, kila mtu daktari. "Choa hicho," shangazi alisema hata hajakaa. Bibi naye choa. Wa duka la dawa naye choa, akatuuzia krimu. Muwasho ukatulia, tulipoiacha ukaja na hasira zote. Beseni langu likatengwa, taulo langu likapewa kamba yake, shuleni nikakalishwa dawati la nyuma peke yangu. Mama akachoka, tukapanda daladala hadi hospitali ya KCMC, kliniki ya ngozi.

Daktari hakuanza na viwiko. Alikagua nyuma ya masikio, akapekua nywele, kisha akavishika vidole vyangu na kuvielekeza dirishani. Kucha zilikuwa na vishimo vidogo vidogo ambavyo nyumbani hakuna aliyewahi kuviona. Ndipo akachukua wembe butu, akakwangua kiwiko taratibu. Magamba yakadondoka, meupe ya kumetameta, tabaka baada ya tabaka, mpaka pakabaki ngozi nyekundu, laini. Juu yake vikachomoza vitone vya damu, kimoja kimoja. Mama akageuza uso. Daktari akatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu.

Magamba mengine aliyaweka kwenye kioo, akayadondoshea dawa ya kuyalainisha, akachungulia kwa hadubini kutafuta nyuzi za fangasi. Hazikuwepo.

"Si choa, Mama. Ni soriasisi." Ngozi ya kawaida, akasema, hujibadilisha kwa kama mwezi hivi, ya huyu inakimbizana na siku chache, ndiyo maana inarundikana.

"Inaambukiza?"

"Hata kidogo."

"Inapona?"

"Inatulia. Halafu hurudi."

Tukapewa marhamu ya lami, ile ya makaa ya mawe. Niliinukia hadi namaliza sekondari.

Kwenye daladala Mama alinyamaza mpaka tukakaribia stendi. "Bora ingekuwa choa," akasema.

Nilikasirika. Mimi nilikuwa nimesafishwa jina. Yeye alikuwa anapiga hesabu ya dawa za maisha. Sasa kwa kuwa dawa nanunua mwenyewe, sina uhakika ningembishia.

Jioni ile alianika taulo langu pamoja na ya wengine. Shangazi akalihamisha.