Swali la taa za stendi
Juzi nilikuwa kwenye usaili wa kuandika hapa Moshi. Swali moja bado linaniwasha: "Tangu stendi iwekewe taa, wizi umepungua. Kwa hiyo taa ndizo zimepunguza wizi. Hoja hii inategemea dhana gani?"

Mimi mbio mbio nikaweka tiki kwenye "wezi huogopa mwanga". Tamu, eti? Kumbe mtego. Mwizi anaweza asiogope chochote, ila taa zikamsaidia mlinzi amwone, na hoja ikabaki imesimama.

Mwenzangu mmoja alinieleza nje, tukila mahindi ya kuchoma: chukua kila jibu, likanushe, uone kama hoja inaanguka; ikianguka, hiyo ndiyo dhana iliyoibeba bila kutajwa. Jibu lilikuwa "hakuna sababu nyingine iliyopunguza wizi". Likanushe: sema ni walinzi walioongezwa mwezi uleule. Taa zote pwaa, hoja chini!

Nimerudi nyumbani najiona mwanafalsafa. Mama akachungulia dirishani: "Mlima umejifunika, kaanue nguo."
"Lakini mama, umechukulia kwamba wingu la Kibo lazima lishuke mpaka huku mjini..."
Akanitazama tu, kisu cha kumenyea ndizi mkononi.
Nikaanua.