Bomba lililokwaruzwa na kufukiwa kimya

Tarehe 30 Julai 2004, katika eneo la viwanda la Ghislenghien, karibu na mji wa Ath nchini Ubelgiji, bomba kubwa la gesi asilia lilipasuka asubuhi na kuwaka. Watu 24 walikufa na zaidi ya 130 walijeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo askari wa zimamoto waliofika kushughulikia taarifa ya kuvuja. Asubuhi hiyo hakuna mtambo uliotoboa bomba. Mtambo ulikuwa umelikwaruza kabla, wakati wa kazi za ujenzi, chuma kikapungua unene, udongo ukarudishwa juu na kazi ikaendelea. Presha ndani ya bomba ilipopanda, sehemu iliyodhoofika ikashindwa.

Fikra zangu hurudi kwenye kisa hiki kila ninapoona msingi unachimbwa pembeni mwa barabara. Wengi wetu tunadhani hatari ya kuchimba bila kuuliza ni cheche na kishindo papo hapo: sururu inashuka, moto unatoka. Hilo hutokea, na huua. Lakini kuna jeraha lingine ambalo halipigi kelele. Huko Bellingham, jimbo la Washington nchini Marekani, tarehe 10 Juni 1999, bomba la petroli lilipasuka na takriban lita 900,000 zikaingia kwenye kijito, kisha zikashika moto. Watoto wawili wa miaka 10 na kijana wa miaka 18 walikufa. Wachunguzi walikuta, pamoja na makosa mengine ya uendeshaji, makovu ya mtambo juu ya bomba. Yalitokana na kazi ya kulaza mabomba ya maji mwaka 1994. Miaka mitano bomba lilifanya kazi likiwa na kidonda.

Chuma cha bomba kinapokwaruzwa na jino la kijiko cha eskaveta, yaani mtambo wa kuchimbia, ukuta hupungua unene, hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana ni kwamba chuma cha pale kwenye mkwaruzo hukakamaa. Kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, nyufa ndogo huanzia hapo, na kila presha inapopanda na kushuka zinasogea kidogo. Ule utando wa nje unaolikinga bomba na kutu nao umeshaondoka, unyevu wa udongo umepata pa kushika. Kwa bomba la plastiki iko kanuni inayofuatwa sana: mkwaruzo ukizidi asilimia 10 ya unene wa ukuta, kipande kinakatwa na kuwekwa kipya. Ukuta ukiwa milimita 6, tunazungumzia mkwaruzo wa kama nusu milimita. Ukucha unauhisi, ila jicho la mtu mwenye haraka linaupita.

Kebo ya umeme hufa polepole vivyo hivyo. Ganda la nje likichanika, maji huingia taratibu, hufuata nyaya, na siku moja wakati wa masika shoti inapiga hapo. Mtaa mzima unabaki gizani na hakuna anayekumbuka aliyechimba mtaro wa maji mwaka uliopita. Ndiyo maana neno ninaloliogopa kuliko yote katika eneo la kazi ni hili: "Haikutoboka, fukia."

Jiji la Dar es Salaam lina vitu vingi chini kuliko tunavyofikiri. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kwenda Ndola nchini Zambia, linafanya kazi tangu 1968 na lina urefu wa zaidi ya kilomita 1,700. Gesi ya Songo Songo ilifika Ubungo mwaka 2004, na bomba la inchi 36 kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Mabomba makubwa ya maji yanatoka kwenye mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Juu ya hayo kuna kebo za shirika la umeme, TANESCO, za volti 400, za kilovolti 11 na 33, mkongo wa taifa wa mawasiliano, na faiba (nyaya za kioo zinazobeba intaneti) za kampuni za simu ambazo kila mwaka zinaongezeka. Sehemu kubwa ya vitu hivi imelazwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mtu anayejenga fremu za biashara au anayechimba shimo la karo upande ule ule wa ukuta unaotazama barabara anachimba karibu kabisa na njia hizo, hata kama kiwanja ni chake kihalali.

Marekani mchimbaji hupiga namba moja, 811, wenye miundombinu huja kupiga rangi ardhini: nyekundu umeme, njano gesi na mafuta, chungwa mawasiliano, buluu maji safi, kijani majitaka. Kwetu unakwenda shirika kwa shirika: ofisi ya wilaya ya TANESCO, mamlaka ya maji, TPDC, shirika la petroli, ukiwa karibu na njia ya gesi, kampuni za simu, na wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, kwa kibali ukigusa hifadhi ya barabara. Inachosha, nakubali. Nenda na mchoro wa kiwanja wenye alama ya unapotaka kuchimba na kina chake, omba fundi aje aonyeshe kwa mguu, na usiridhike na jibu la "hapo hakuna kitu" lililotolewa kwenye simu na mtu asiyeyaona maeneo. Mjumbe wa mtaa na majirani wa zamani nao waulizwe. Mara nyingi wao ndio wanaokumbuka mtaro ulipita wapi kabla ya lami.

Jambo moja hata 811 hailimalizi: wenye shirika huonyesha vya kwao tu, mpaka kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni vyako, na hakuna ofisi yenye mchoro wake. Luku, yaani mita ya umeme, ikiwa kwenye nguzo au kwenye ukuta wa geti, kebo inayotoka hapo kwenda nyumbani imepita mahali fulani chini ya ua. Hali kadhalika ya pampu ya kisima, ya taa za uzio, ya mota ya geti, ya nyumba ndogo ya nyuma. Hizi ndizo zinazolazwa juujuu kabisa, wakati mwingine kina cha jembe tu, bila mchanga wala tepe ya tahadhari. Aliyenunua nyumba kwa mtu mwingine amtafute yule fundi wa kwanza kabla hajapanda hata mti.

Kabla ya kifaa chochote, ardhi yenyewe isomwe. Nguzo ambayo kebo yake inashuka ndani ya bomba la chuma na kuzama ardhini inakwambia kebo inaondoka hapo kwenda mahali, na unaweza kuikisia kwa kutafuta inapotokea. Mifuniko miwili ya chemba ikikaa kwenye mstari mmoja, chora mstari huo kichwani. Lami iliyozibwa kwa ukanda mrefu, ardhi iliyotitia kama mfereji mwembamba, majani mabichi kwenye mstari ulionyooka wakati wa kiangazi: kila moja ina maana. Ukishaanza kuchimba, udongo nao husema. Ukiwa kwenye udongo mwekundu mgumu mara ukaingia kwenye mchanga laini msafi, simama. Mchanga ule uliletwa na mtu, na watu huleta mchanga kufunika kitu.

Kifaa cha kutafutia njia za chini kinasaidia sana, mradi ujue kisichokiona. Hunasa mawimbi ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde unaopita kwenye kebo, na ukiunganisha kitoa-mawimbi chake kwenye bomba la chuma au kebo, hufuata mawimbi hayo. Kebo isiyopitisha umeme wakati huo, mfano ya taa za barabarani saa sita mchana, inaweza isionekane kabisa kwa njia ya kwanza. Bomba la plastiki halionekani, wala faiba isiyo na waya wa chuma ndani. Pita eneo lote kwa mistari ya kwenda na kurudi, kisha ukate kwa mistari ya kukingama, maana njia inayolala sambamba na mwendo wako huweza kukupita. Kimya cha kifaa kisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuingiza eskaveta.

Kinachotoa uhakika ni kuona kwa macho. Unachimba shimo la majaribio kwa mkono, pembeni ya mstari unaodhaniwa, kisha unausogelea kwa ubavu. Nusu mita kila upande wa njia iliyoonyeshwa ni eneo la mkono tupu, mtambo usiingie. Beleshi lenye ncha butu litumike, likikwangua kwa ulalo. Sururu na mtaimbo vikae mbali, kwa sababu nguvu yake yote hutua kwenye nukta moja na mpigaji hawezi kuizuia katikati ya safari. Kina kisiaminiwe hata kidogo. Kebo iliyolazwa sentimita 80 miaka kumi iliyopita inaweza leo kuwa sentimita 30, barabara ikiwa imechongwa, au mita mbili, kifusi kikiwa kimemwagwa juu. Rangi ya bomba nayo isikupumbaze: bomba jeusi la plastiki hubeba maji, faiba, na mara nyingine kebo ya umeme.

Sururu ikiingia kwenye kebo yenye umeme, hatari kubwa ni mlipuko wa moto mkali kati ya fezi na fezi, yaani kati ya nyaya zenye umeme, unaounguza uso, mikono na macho kwa chini ya sekunde moja. Umeme ukikatika baada ya kishindo, kebo isihesabiwe kuwa imekufa, kwani laini inaweza kurudishwa kutoka mbali bila aliyepo shimoni kujua. Kama uliokatika ni waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, peke yake, hakuna kishindo, lakini nyumba za jirani huanza kupata volti zinazokaribia 400 badala ya 230. Friji na televisheni zinaungua mtaa mzima. Eskaveta ikigusa kebo, dereva abaki kitini na wengine wakae mita 10 mbali hadi TANESCO wathibitishe kuwa umeme umezimwa. Eskaveta ikishika moto na dereva hana budi kutoka, aruke miguu ikiwa pamoja, asishike mtambo na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa kuburuza nyayo bila kuzitenganisha.

Gesi inataka utulivu wa namna nyingine. Usifukie tundu: gesi ikizibwa juu hutafuta njia ya pembeni, hufuata bomba la majitaka au mfereji wa kebo hadi ndani ya nyumba, na udongo unaweza kuichuja ile harufu iliyowekwa makusudi ili watu waigundue. Kama inawaka, usizime moto, subiri mpaka gesi ifungwe. Ondokeni kwa kuelekea upande upepo unakotoka, gongeni milango ya majirani kwa mkono badala ya kengele ya umeme, na simu ya zimamoto, 114, pamoja na ya mwenye bomba zipigwe mkiwa mbali. Jambo linalosahaulika sana ni bomba dogo la plastiki lililovutwa na kijiko bila kukatika. Hapo shimoni linaonekana zima, lakini limechomoka kwenye jointi mita kadhaa mbele, huenda chini ya sakafu ya jikoni la mtu.

Maji hupewa uzito mdogo, na naona si sawa. Mafundi wengi wakitoboa bomba la maji hulifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli na kufukia. Jiji lenye mgao lina saa ambazo mabomba hayana presha. Saa hizo tundu lile hunyonya maji yaliyo nje yake, na kama shimo la choo liko jirani, yanayoingia ni ya huko. Asubuhi maji yakirudi, yanakwenda kwenye ndoo za familia ambazo hazikuona shimo lolote likichimbwa. Kipindupindu hakihitaji njia pana zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo ukigusa chochote, hata kama ni mkwaruzo tu, mwenye nacho aitwe kabla ya udongo kurudi. Mkandarasi anaogopa faini, kibarua anaogopa kukatwa posho, na hofu hizo ndizo zinazofukia vidonda. Msimamizi aliye makini hutangaza mapema, mbele ya wote, kwamba atakayetoa taarifa hatakatwa hata shilingi, na anaitimiza ahadi hiyo siku ya kwanza inapojaribiwa.

Kufukia nako ni kazi ya fundi. Njia iliyoachwa wazi ishikiliwe kwa mbao au kamba ili isining'inie, ilazwe juu ya mchanga uliochekechwa wa sentimita 10, ifunikwe na mchanga kama huo sentimita 15, usiwe na kokoto wala vipande vya tofali vyenye ncha. Juu yake ushindiliwe udongo kwa tabaka, na tepe ya tahadhari ikae kama sentimita 30 kutoka juu ya ardhi ili mchimbaji ajaye aikute kabla ya kitu chenyewe. Kabla ya kufunika, pima kutoka kona mbili za jengo zisizohama mpaka kwenye njia, pima na kina, piga picha tepu ya kupimia ikisomeka, andika tarehe. Nakala moja ikae na hati za kiwanja, nyingine apewe mwenye bomba au kebo.